Herufi Mbili Chini ya Barua

Mechack alipoingia, Falonne alikuwa akimsomea mama mmoja barua pepe kutoka kwa mjane wa Kanada ambaye hakupata kuwepo duniani.

Mama mwenyewe, muuza mihogo wa sokoni, alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, simu ameishika kwa mikono miwili. Mjane wa kwenye barua alikuwa anaumwa saratani, hana mume wala mtoto, na katika watu wote walioumbwa na Mungu alikuwa amemchagua yeye, mama wa Kolwezi ambaye hata jina lake hakuliandika, amwachie nyumba na mali. Falonne aliisoma mpaka mwisho, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, na hakucheka. Miaka tisa ya kazi ile ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyekuja na tumaini mkononi hachekwi, hata tumaini lenyewe likiwa la bandia. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna mjane, hakuna nyumba, na asijibu neno lolote. Mama akashusha simu mapajani, akauliza sasa mtu anajisumbua kuandika maneno marefu namna ile kwa ajili gani.

"Mama, mutu mwenye kuandika bitu ya hivi, eko na kitu anatafuta kwako," Falonne alimjibu, jibu alilokwisha kuwapa wengi. "Ukijua anatafuta nini, basi umejua barua."

Akainua macho, na mlangoni alikuwa amesimama yule ambaye kwa siku thelathini na sita, tangu kilio kianze, alikuwa akimwomba Mungu amlete, na akimwomba Mungu huyo huyo asimlete.

Mechack alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa lile la mistari myeupe ambalo Falonne alimchagulia mwenyewe, siku ile walipozunguka soko zima wakibishana kuhusu rangi kama watu waliooana zamani. Sasa lilimpwaya mabegani. Alimwamkia mama wa mihogo kwa heshima, akampisha njia, akasimama kando akisubiri. Falonne alitamani mama huyo asiondoke, amuulize swali lingine, hata kama ni la mjane. Lakini mama alifunga simu yake ndani ya kitambaa, akaaga, akaenda zake.

Wakabaki wawili, na mashine ya kopi katikati.

Tuseme ukweli, mashine ile ndiyo iliyowaunganisha. Miaka miwili nyuma Mechack aliingia katika biro ile ndogo ya kuandikia watu barua, kutoa kopi ya kadi yake ya mpiga kura, kopi moja tu. Kesho yake akarudi kutoa nyingine. Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa ametoa kopi kumi na moja za kadi ile ile, na mtu hahitaji kopi kumi na moja za uso wake hata angekuwa mfalme. Ya kumi na mbili Falonne alimkatalia, akamwambia kama anataka kumwona aseme tu, karatasi si za kuchezea. Mechack akasema. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na alisema vizuri sana.

Vumbi hilo ndilo lililomkera baba yake Falonne. Tata Kisimba alikuwa msimamizi wa zamani wa kampuni ya migodi, amestaafu, anaishi mtaa wa Kapata katika nyumba ya kampuni aliyowalelea watoto sita, na kofia yake ya kazini bado inaning'inia kwenye msumari wa sebuleni. Hakuwa mtu mbaya. Alishuka chini ya ardhi miaka mingi, penye taa, penye nguzo, penye mainjinia, na hata hivyo aliona wenzake wakitolewa wamefunikwa. Sasa aje kumpa binti yake kijana anayeshuka kwa kamba katika shimo ambalo halina hata ubao mmoja? Alimwambia Mechack uso kwa uso, bila matusi, kwamba siku atakapokuja na karatasi ya kazi yenye jina la kampuni na sahihi, siku hiyo mlango wa nyumba utafunguka. Kabla ya hapo asijisumbue kuvaa koti.

Falonne akamwandikia wasifu wake, akamfungulia anwani ya barua pepe, akamwandikia barua kumi na nne za kuomba kazi. Hakuna hata moja iliyojibiwa.

Sasa Mechack alitoa chini ya kwapa mkoba wa plastiki, ule wa kuona ndani, akauweka juu ya meza. Falonne aliutambua kabla haujagusa mbao. Ni yeye aliyeununua.

"Habari yako, Falonne."

"Muzuri, Mechack. Na mama?"

"Eko. Anakula kidogo."

Alimwuliza kama atakaa. Mechack akasema atasimama, mgongo umezoea. Halafu akatoa karatasi moja kutoka mkobani, akaigeuza ili imwelekee Falonne, akainyoosha kwa kiganja mahali ilipokunjika.

"Nisomee," alisema.

"Mechack..."

"Nisomee vile ulinisomeaka siku ile. Mi Kifaransa kinanishinda, unajua."

Ilikuwa ni barua ya kampuni ya Lufupa Transit. Falonne aliijua kila nukta yake. Ilimfahamisha Bwana Mechack kwamba maombi yake yalikuwa yamepokelewa na kupendeza, kwamba kampuni ilihitaji mtunza ghala katika mpaka wa Dilolo, na kwamba afike yeye mwenyewe, pamoja na karatasi zake zote, kabla ya adhuhuri ya tarehe kumi Desemba. Asiyefika siku hiyo nafasi yake ingepewa mwingine. Alisoma kwa Kifaransa, akatafsiri kwa Kiswahili, na sauti yake ilimsaliti mara mbili, penye neno "kupendeza" na penye tarehe.

Siku ile ya kwanza haikumsaliti. Siku ile aliisoma vizuri kama padri anavyosoma misa, na Mechack alimnyanyua juu mbele ya wateja, akamzungusha, wateja wakapiga makofi. Jioni hiyo hiyo walikwenda Kapata. Tata Kisimba akavaa miwani, akaisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa, na kwa mara ya kwanza akampa Mechack mkono. Falonne aliiona mikono ile miwili ikishikana, akaenda nyuma ya nyumba, akaosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea.

"Endelea," alisema Mechack.

"Imeisha. Pale ni sahihi ya mkurugenzi."

"Haiyaisha. Chini kule, upande wa kushoto."

Alikuwa amezizungushia duara kwa kalamu ya bluu. Herufi mbili ndogo, *fk*, ambazo mtu asiyejua angezidhani ni uchafu wa mashine.

Falonne alipokuwa shule ya biashara, mwalimu wake wa taipu, Madame Ngalula, alikuwa na sheria moja aliyoisimamia kwa rula. Barua haitoki mezani bila herufi za aliyeipiga. Mkurugenzi ataweka sahihi kubwa, hiyo ni haki yake, lakini mkono uliofanya kazi nao ujulikane, uulizwe ukikosea. Aliyesahau alipigwa rula kwenye vidole na kuandika upya. Falonne hakusahau kamwe. Katika miaka tisa alipiga barua za watu wenye kuoa na wenye kuachana, za kudai, za kutubu, na kila moja ilitoka na *fk*, Falonne Kisimba, chini kushoto. Vidole vilijiandikia vyenyewe, kama mtu anavyofunga mlango akitoka na asikumbuke kama ameufunga.

Vilijiandikia hata usiku wa uongo wake, na yeye hakuviona.

Mechack alianza kusimulia, taratibu, macho yake kwenye karatasi. Alisafiri siku tatu juu ya lori la mahindi. Alifika Dilolo tarehe tisa, akalala kituoni, asubuhi akaoga kisimani, akavaa shati hili hili. Aliuliza Lufupa Transit kwa wabeba mizigo, kwa wauza mafuta, kwa mapolisi. Hakuna aliyeisikia. Mwisho wakampeleka kwa mzee mmoja, tata Donatien, ambaye huwaandikia wafanyabiashara karatasi zao za forodha kwa mashine ya zamani chini ya bati. Mzee aliisoma barua, akavua miwani, akamwambia pole, mwanangu, umedanganywa kama wengine. Halafu akacheka kidogo, akasema mwizi huyu lakini alisoma shule nzuri, angalia, ameacha herufi zake.

"Nikamuuliza, herufi gani? Akanionyesha. Akaniambia, hizi ni za mukono yenye iliandika. Sasa mi nilikuwa na CV yangu mu mkoba ule ule." Mechack alitoa karatasi ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza. Chini kushoto, *fk*. "Nikabiweka hivi. Nikakaa pale mpaka mzee akafunga kazi."

Kwa hiyo alijua. Siku zote za kilio nyumbani kwao Mechack, Falonne akiwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, akichota maji, akiosha masufuria ya watu mia, asithubutu kumtazama, Mechack alikuwa anajua. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Alitaka kukaa, akagundua kwamba amekwisha kukaa.

"Njo mi," alikiri, "ni mi mwenyewe. Njo mi niliandika."

"Nilitaka unisemee kwa kinywa chako."

"Nimesema."

"Aksanti."

Neno lile la shukrani lilimuumiza kuliko kofi. Nje pikipiki zilipita na magunia, mtu akapiga honi, mtu mwingine akamwita mwenzake kwa jina la utani. Kolwezi ilikuwa inaendelea na mambo yake.

Mechack alisema pale chini ya bati la mzee Donatien aliwaza jambo moja tu, kwamba Falonne na baba yake walikaa sebuleni Kapata wakatunga barua ile ili wamfukuze mjini bila kelele. Aliuona ule mkono aliopewa na tata Kisimba, akaona kwamba ulikuwa mkono wa kwaheri. Basi akazima simu. Akasema moyoni, kama wanataka niende, nimekwenda. Alibaki Dilolo wiki nne akibeba magunia ya chumvi na samaki wakavu kuyavusha ng'ambo ya Angola, na kila alipochoka hasira ilimpa nguvu nyingine.

"Lakini tata hakujua kitu," Falonne alisema. "Mpaka leo hajui. Nilikupigia. Kila siku nilikupigia."

"Simu ilikuwa imezimwa."

"Nilitaka kukuambia urudi, lakini usirudi mu shimo. Nilihesabu siku tatu za kwenda, wiki moja ya kutafuta, siku tatu za kurudi. Mvua ingekuwa imejaza maji kule ndani, equipe yenu ya wachimbaji ingetawanyika. Ni hivi tu nilikuwa natafuta. Wiki mbili."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake haukumsaidia mtu. Mwishoni mwa Novemba ukuta wa shimo la jirani ulianguka, na Mechack alikuja biro siku hiyo na mchanga masikioni, anacheka, anasema leo ardhi ilitaka kumbusu. Falonne alimsihi aache. Alimsihi kwa maneno, kwa machozi, kwa kununa siku nne. Mechack alisema baada ya sikukuu, wamekaribia mshipa wa madini, akiacha sasa amefanya kazi ya mwaka mzima kwa ajili ya wengine. Walikosana vibaya. Ndipo Falonne alipofungua lile faili alilokuwa akiweka barua pepe za uongo za wateja wake, wajane, wana wa majenerali, makampuni yasiyo na mlango, akazisoma upya moja baada ya nyingine, safari hii kwa jicho la mwanafunzi. Aliona zinavyojengwa, salamu nzito, jina kubwa, na haraka, hasa haraka, ili mtu asipate muda wa kufikiri. Kwa miaka tisa alikuwa amewaonya watu dhidi ya mkono huo. Usiku mmoja ulimtosha kuwa nao.

Mechack alitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya zile karatasi mbili.

"Dereva mmoja wa Kolwezi njo alinikuta ku mpaka," alisema. "Akaniuliza, weye uko hapa, na kwenu kuna kilio? Nikawasha simu. Sauti za Sadrack zikaingia moja moja. Kumi na saba. Hii ni ya mwisho."

Sadrack alikuwa mdogo wake, mwenye miaka ishirini na mbili, mcheshi, aliyekuwa akiosha mawe mtoni na hakuwahi kushuka shimoni kwa sababu mama yao, mama Micheline, alimwapisha. Falonne alimpenda kama shemeji anavyopendwa, kwa matani. Alisema hapana, asimsikilizishe. Mechack alikwisha kubonyeza.

"Yaya," sauti ilimwita kaka mkubwa, na nyuma yake mvua ilisikika, "equipe banasema nafasi ya ku kamba haiwezi kukaa wazi, kesho bataingiza mutu mwingine. Mi nimebaambia hapana, ile ni ya yaya yangu, ataikuta. Nitaikalia mi mupaka urudi. Usimwambie mama. Na ukirudi na kazi ya bureau, ukumbuke mi njo nilikulindia hata ile ya shimo." Akacheka. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekaribia kukata, "Falonne anakuulizia sana. Mujibu, yaya. Anakonda."

Falonne aliziba mdomo kwa viganja viwili. Kilio chake hakikuwa na sauti, na Mechack hakuzunguka meza kumshika. Alisimama pale, mikono imening'inia, akilia naye kwa machozi yasiyofutwa. Mtu angechungulia wakati ule angedhani ni watu wawili wanaosubiri umeme urudi.

"Ningejibu simu," alisema Mechack, "ningemukataza. Neno moja tu. Lakini nilikuwa na kasirani yangu, nayitunza sawa mali. Basi usifikiri nimekuja kukuwekea mzigo yote. Nusu ni yangu. Nimepima kila siku, nusu ni yangu."

"Haina hivyo. Bila barua yangu ungekuwa hapa."

"Bila barua yako shimo ile ingenifunika mi, ningekuwa mu bulongo, na Sadrack njo angekuwa anasimama hapa."

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kuitaka sentensi hiyo wala kuikataa.

"Juu ya nini, Falonne?" aliuliza mwishowe, na hapo sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kopi ya kumi na mbili. "Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia. Mara ngapi nilikuambia?"

Mechack akainamisha kichwa.

"Nasemaka bantu kila siku, mwenye kuandika barua ya bongo, ya kudanganya, eko na kitu anatafuta," Falonne alisema. "Bengine banatafuta mali. Mi nilikuwa natafuta weye. Ubakie muzima. Hakuna kingine, Mechack, naapa kwa Mungu, sikutafuta kingine."

"Niko muzima," alisema. "Niangarie. Niko muzima."

Alimwangalia. Aliangalia mashavu yaliyoingia ndani, shati lililopwaya, macho ambayo zamani yalikuwa yakimtafuta kila anapoinama kuchukua karatasi. Yalikuwa bado yakimtafuta, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia. Upendo ulikuwepo pale, mzima, haukuwa umepungua hata kidogo, na haukuwa na mahali pa kukaa.

"Mi nakupenda mupaka sasa," alisema Mechack, kana kwamba amemsikia. "Sikuje kukudanganya. Lakini nikikuangaria, namuona Sadrack. Nikifunga macho, nakuona weye. Sasa niangarie wapi?"

Falonne aliuliza tu kama mama Micheline anajua.

Mechack akasema mama anajua kwamba kulikuwa na barua ya uongo, basi. Ameiomba mara nyingi, anaishika, anaigeuza, na hajui kusoma. Kila jioni anamwombea mtu aliyeiandika. Mechack alimuuliza siku moja anamwombea baraka au laana, maana barua hiyo ilimwondolea mtoto mmoja ikamwachia mwingine. Mama alifikiri sana. Akasema hajui, kwa hiyo hamwombei hiki wala kile. Anasema tu, Mungu, umuone.

"Umuone," Falonne alirudia polepole.

"Ni hivi tu anasemaka."

Mashine ya kopi ikajizima yenyewe kwa kuchoka kusubiri. Ndipo Mechack alipokusanya karatasi zake mbili, akazirudisha mkobani, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Alisema kuna kazi moja amekuja nayo, ya kuandika. Jumamosi wanamaliza kilio, na familia inahitaji karatasi ya kubandika mlangoni na kanisani. Angeweza kwenda kwa mwingine, mabiro yako mengi. Ameona aje hapa.

Falonne akavuta kibodi. Mechack akamtamkia kwa Kiswahili, naye akaandika kama alivyoamriwa, bila kurembesha. Familia inawaalika ndugu, marafiki na majirani kumaliza kilio cha mtoto wao Sadrack, Jumamosi saa nne ya asubuhi, kwa mama Micheline. Alifika kwenye tarehe ya kifo, vidole vikasimama, vikaendelea. Mechack akasema mama ametaka mstari mmoja uongezwe chini ya jina. "Aliingia pa nafasi ya kaka yake." Falonne akauandika. Aliuona ukitokea herufi kwa herufi kwenye kioo, na hakujua kama anaandika habari za Sadrack au hukumu yake mwenyewe.

Akamaliza, akapeleka mkono kwenye mashine ya kuchapa.

"Hauyamaliza," alisema Mechack.

Aliangalia. Chini kushoto palikuwa peupe. Kwa mara ya kwanza tangu rula ya Madame Ngalula, vidole vyake vilikuwa vimesahau. Vilijitaja katika uongo, na sasa katika karatasi hii ya kweli vilitaka kujificha.

"Mechack, nakuomba."

"Mwalimu wako alikufundisha nini?"

"Mukono yenye iliandika ijulikane."

"Basi."

Hakuwa anamkomoa. Alilisema kwa upole, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko wavuke maji. Falonne akashusha mkono wake wa kushoto, akaandika *f*, akashusha wa kulia, akaandika *k*. Mashine ikatoa nakala mbili, moto bado. Mechack alichukua moja, akaipulizia ipoe, akaiingiza mkobani. Nyingine aliiacha juu ya meza, akaisukuma kidogo kwa kidole mpaka ikamfikia Falonne.

"Mama hajui kusoma, lakini anaonaka," alisema. "Herufi hizi amezishika wiki nyingi. Akiziona tena ku mulango, ataniuliza ni za nani. Mi sitamujibu."

"Nani atamujibu?"

Alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya barabara ya Kapata, na upepo ulinyanyua vumbi la mwisho kabla ya mvua. Aliuficha mkoba ndani ya shati, akauzuia kwa kiganja usiloane. Alimtazama mara moja tu, lakini kwa muda mrefu, na katika mtazamo ule Falonne alipata kila kitu alichowahi kupewa na mwanaume huyu katika miaka miwili, kisha kikaondolewa.

"Jumamosi, saa ine," alisema Mechack.

Mvua ikashuka. Falonne alimfuata kwa macho mpaka shati la mistari likapotea katikati ya watu waliokimbilia vibarazani. Hakuna mteja aliyeingia. Aliichukua ile karatasi, akaibandika ukutani mbele ya macho yake, pale pale alipokuwa akibandika matangazo ya wengine, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Mama Micheline," alisema kwa sauti, peke yake katika biro, "mi njo niliandika."

Sauti ilimkatikia kwenye neno la mwisho. Akajifuta macho, akaanza tena tangu jina la mama.